Mama Gamja na Baba Mandu

Gamja alikitafuna kisigino cha kiatu changu cheusi asubuhi ya Jumapili ile ile niliyotakiwa kukivaa. Nilikuwa nimelala kwenye godoro sakafuni, Mama amelala kitandani kwangu, na ile sauti ya kutafuna niliisikia tangu usingizini nikaipuuza, maana tangu nimchukue mbwa huyu hakuna asubuhi isiyo na kitu kinachotafunwa. Nilipofumbua macho alikuwa amekaa katikati ya chumba, kiatu mdomoni, ananitazama kwa mapenzi yote. Nilipomnyang'anya nikaona kijino chake cha utoto kimenasa kwenye ngozi. Mimi nafanya kazi kliniki ya meno. Siku sita nasimama nikichungulia midomo ya watu, na siku yangu moja ya kupumzika nayo ikaanza na jino.

"Nini hicho?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna kitu, Mama."

"Kiatu?"

"Kimoja tu."

"Kwani utakwenda kwa mguu mmoja?"

Mama alikuwa amefika jana yake kwa basi kutoka Goesan, amebeba ndoo za kimchi, kabichi ya kuchachushwa ya majira ya baridi, aliyoitengeneza na dada zake, mikono ingali inanuka vitunguu saumu na pilipili. Kimchi ilikuwa sababu ya kusema kwa watu. Kilichomleta hasa ni miadi ya saa nane mchana, kwenye mkahawa wa hoteli moja karibu na stesheni. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye duka la mabomba, anayetafuta mke, mtoto wa rafiki ya rafiki yake, mtaratibu, hanywi. Mama zetu wawili wangekaa nasi kidogo, wasifiane watoto, kisha watuache tuzungumze. Bwana huyo alikuwa na sharti moja tu, hataki mnyama ndani ya nyumba. Kwa hiyo mambo yakienda sawa, Gamja angerudishwa shambani kwa mama mkubwa alikozaliwa, afungwe mnyororo kando ya shamba la pilipili kama mama yake alivyofungwa maisha yake yote.

Nami nilikubali. Nilikubali kwenye simu, jioni moja, nimekaa kwenye ngazi za kliniki, miguu imevimba hata viatu vimenibana. Mama alisema, nikasikiliza, nikasema sawa. Wala hakunilazimisha. Nilichoka tu, na kusema sawa ni kufupi kuliko kusema hapana.

Lakini uchovu wenyewe ulikuwa na jina, na jina lake ni Baba Mandu.

Huku kwetu kandokando ya kijito cha Bulgwang, wenye mbwa hawaulizani majina. Siku ya kwanza unaulizwa mbwa anaitwa nani, ana umri gani, sindano amemaliza, basi. Kuanzia hapo wewe ni mama wa huyo mbwa au baba yake, hata kama mbwa mwenyewe umempata juzi. Mimi, Ma Gayeong, mwanamke wa miaka thelathini na sita niliyevunja uchumba nikabaki peke yangu, nilishuka kijitoni nikiwa hivyo, nikapanda nikiwa Mama Gamja. Na gamja ni kiazi, ili mjue heshima niliyopewa.

Ilikuwa Julai, joto la kuunguza. Gamja alikuwa bado sindano moja na daktari wa wanyama amenikataza asikanyage ardhi, basi nikawa nambeba kifuani kwenye mfuko wa kitambaa, azoee baiskeli na kelele za watu. Jasho linanitoka, yeye kichwa nje anatazama dunia. Mtu mmoja mrefu, amevaa sare ya kazi, na mbwa mkubwa mweupe aliyezeeka, akasimama.

"Huyo bado hajashushwa?"

"Bado."

"Mandu nami nilimbeba hivyo hivyo. Sasa yeye ndiye ananivuta mimi." Akamtazama Gamja. "Aina gani?"

Hilo swali nililichukia. Wengine pale wana mbwa wa bei kubwa, wenye vyeti. "Wa shamba," nikasema.

"Hao ndio wanaoishi sana," akajibu, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila jioni nikitoka kazini alikuwepo. Hakuwa msemaji. Alitembea na chupa ya maji ya kumwagia pale Mandu alipokojoa, na Gamja alipoanza kushuka, akawa anamwagia na pa Gamja bila kuambiwa. Alinifundisha nisimvute mbwa anaponusa, nimwache, kwani pua ndiyo gazeti lake. Mara nyingine tulitembea kutoka daraja hadi daraja hatujasema neno, nami nikirudi nyumbani nilijikuta natabasamu kwenye lifti kama mwendawazimu. Ana namna ya kutazama chini anapokusikiliza, kisha ukimaliza anainua macho polepole, na mimi macho yale yalinimaliza.

Halafu ikaja Jumapili moja ya Agosti. Nilimwona Mandu kwa mbali, nikachapua mwendo, kumbe kamba imeshikwa na mwanamke. Mrefu, mzuri, nywele zimekatwa vizuri. Mama Choco, mwanamama wa miaka sitini na kitu anayemsukuma mbwa wake kwenye kigari cha mtoto, akamwita kwa furaha, "Mama Mandu, hujambo?" Na yule akaitika.

Nikamsalimia, nikageuza njia. Baba Mandu, Mama Mandu. Hapakuwa na la kuuliza. Nikajiambia, Gayeong, pa kukomea ni hapa. Lakini sikukoma. Niliendelea kutembea na mume wa mtu kila jioni, simgusi, simwambii kitu, nikifika nyumbani najichukia. Kumpenda mtu huku unajikataza ni kazi nzito kuliko kusimama kliniki. Wiki ile Mama aliponipigia simu, nilikuwa nimeshaanza kupita njia ya juu barabarani, saa nyingine kabisa, ili nisikutane naye.

Basi Jumapili hiyo, kabla ya kwenda kuvaa, ilibidi Gamja akatembezwe. Mama akasema tunakwenda wote, asije akanisubiri mpaka saa nane ikapita. Alivaa koti lake zito la zambarau, akashika kamba ya Gamja kwa vidole viwili.

"Angekuwa mtoto," alisema tunashuka, "sasa hivi ungekuwa unampeleka shule."

"Angekuwa mtoto nisingekuwa nalala kabisa."

"Kwani sasa unalala? Uso wako umeuona?"

Nilikuwa nimeuona. Kando ya daraja, kwenye jua la Novemba lisilo na joto, Mama Choco alikuwa amekaa kwenye benchi, Choco amefunikwa blanketi ndani ya kigari.

"Mama Gamja, umepotea wewe. Tulidhani umehama." Akamwona Mama. "Ooh, na huyu ndiye bibi yake Gamja?"

"Bibi yake nani?" Mama akauliza.

"Wa Gamja. Amekufuata mwendo, angalia."

"Mimi nimezaa watu," Mama akasema. "Wawili. Wote wana miguu miwili."

Mama Choco alicheka mpaka akashika kigari. "Bibi Gamja ana maneno huyu. Njoo ukae, bibi, benchi limepata jua."

Mama akakaa, kwa sababu magoti yalimuuma, na Mama Choco akampa kahawa ya kopo iliyo moto. Mimi nikasimama, nikitazama maji. Niliona usingizi uko nyuma ya macho yangu tu unangoja. Nikahesabu moyoni mambo yaliyobaki: nioge, nivae, nikae, nitabasamu, nile keki ndogo kwa uma mdogo. Na baada ya hapo, maisha yote.

Gamja akalia kwa furaha, akajivuta hadi kamba ikamponyoka Mama. Nikageuka. Mandu alikuwa anakuja akichechemea, mkia unapepea, na kamba ilikuwa mkononi mwa Baba Mandu. Jumapili hii alikuja yeye.

Mbwa wakaanza kunusana. Sisi tukasimama.

"Umebadilisha saa," alisema.

"Kazi imekuwa nyingi."

"Kliniki inafungwa saa ile ile. Nilipita." Alitazama chini. "Mandu amekuwa akikaa pale kwenye kona anagoma kuondoka. Ilinibidi nimbebe, na alivyo mzito."

"Pole."

"Si kwamba nalaumu."

"Mama Mandu hajambo?" Nililisema makusudi, kama mtu anayejibonyeza jino bovu aone kama bado linauma. Liliuma.

"Hajambo. Yuko Busan."

"Akirudi msalimie."

Akainua macho, akataka kusema kitu, ndipo Mama akatuingilia kutoka pale kwenye benchi. Watu wa mbwa tuna adabu zetu, lakini Mama yangu si mtu wa mbwa.

"Kijana, wewe unaitwa nani?"

Akainama kidogo kwa heshima. "Baba Mandu, mama."

"Hilo ni jina la mbwa. Nakuuliza lako."

Mama Choco aliacha kunywa kahawa. Nadhani hata yeye, miaka yote hiyo, hakuwahi kulisikia.

"Pyo Sangwook."

"Una miaka mingapi?"

"Mama, jamani," nikasema.

"Arobaini na moja."

"Kazi?"

"Fundi wa lifti."

"Mke yupo?"

"Alikuwepo."

"Amefariki?"

"Hapana, mama. Tuliachana. Mwaka wa tatu huu."

Nilisikia maji ya kijito. Nilisikia baiskeli ikipita na kengele yake. Mama Choco aliweka kopo chini.

"Mliachana? Na mimi kila Jumapili namwita Mama Mandu, anaitika?"

"Ndiye hasa Mama Mandu," akasema taratibu. "Mbwa tulimchukua pamoja akiwa mdogo kama Gamja. Tulioachana ni sisi. Mandu hakuachana na mtu. Siku za kazi alikaa kwangu, mwisho wa wiki kwake. Sasa mwenzangu amepata mtu, anaolewa, amehamia Busan. Akasema mbwa mzee asihamishwe. Ndiyo maana Jumapili nimekuja mimi."

Mtu angedhani nilifurahi. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Agosti nzima, Septemba, Oktoba, majani yote ya kijito hiki yamegeuka rangi na kuanguka mimi nikijikataza mtu asiyekatazwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Niulizeje? Niseme, samahani Baba Mandu, yule Mama Mandu ni mkeo kweli au ni wa mbwa tu?"

Mama Choco alikohoa, akaanza kumrekebishia Choco blanketi lisilohitaji kurekebishwa.

"Kila nilipomtaja ulikuwa unaaga," Sangwook alisema. "Nikadhani umeshajua. Nikadhani hutaki habari za mtu aliyeachwa. Wengi hawataki, na sikuwalaumu. Nikasema si neno, angalau tutembee." Alipitisha mkono kichwani mwa Mandu. "Na Baba Gamja mimi sijawahi kumwona. Nami sikuuliza."

"Hakuna Baba Gamja."

"Sasa nimejua."

Tukatazamana. Sikumbuki ni kwa muda gani. Najua tu kwamba kitu nilichokuwa nimekibana kifuani tangu kiangazi kililegea, nikahisi kulia, na sikuwa na nguvu hata za kulia.

"Gayeong." Mama alikuwa amesimama. "Njoo huku."

Nikamfuata hatua chache, nyuma ya nguzo ya daraja. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa baridi, au kwa hasira.

"Huyo ndiye?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Nilikubeba tumboni. Huyo ndiye aliyekufanya uwe na sura hiyo?"

Niligeuka kutazama benchi.

"Mtu aliyeachwa na mke. Fundi wa lifti. Anashinda anazungumza na mbwa."

"Mimi nami nashinda nazungumza na mbwa, Mama."

"Ndiyo maana nimekuja kukutoa huko." Sauti ikashuka. "Twende nyumbani ukavae. Saa nane watu watakuwa wamekaa."

"Siendi kuolewa na yule bwana."

"Nani kakwambia uolewe leo? Ni kunywa kahawa."

"Huwa inaanzia kahawa. Kisha inakuwa chakula, kisha unakuja na nguo za sherehe, na mimi nasema sawa, sawa, sawa, kwa sababu nimechoka. Mara ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Nilisema sawa mpaka kadi zikachapishwa, ndipo nikapata nguvu ya kusema hapana, tukaaibika wote. Safari hii naomba niseme mapema."

Mama alinitazama. Nilidhani atanigombeza, ningependa hata angenigombeza. Badala yake aliegemea nguzo, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi nikaona jinsi naye alivyochoka, siku mbili ameinamia makabichi, kisha safari, ndoo mapajani.

"Basi nitakwenda mimi," alisema. "Yule mama ametoka Cheongju na treni, ametengeneza nywele. Siwezi kumwambia kwa simu. Nitakaa pale na wao, niinamishe kichwa. Nimezoea. Niliinamisha kwa mwenye nyumba baba yako alipofariki. Niliinamisha kwa ile familia ulipovunja uchumba, mlangoni kwao, mvua inanyesha, hawakunikaribisha hata ndani. Nitainamisha na leo. Kichwa chenyewe kimeshazoea njia."

Lile la mvua sikuwa nalijua. Siku zile aliniambia amemaliza mambo kwa simu.

Nikarudi benchini. Sangwook alikuwa ameshika kamba zote mbili, na Gamja amelala juu ya kiatu chake. Nilimsogelea karibu kuliko siku zote.

"Nilidhani una mke," nikasema. "Tangu Agosti najikataza. Ndiyo sababu nilibadilisha saa, si kazi."

Alinisikiliza akitazama chini. Kisha akainua macho.

"Mimi nilikuwa napita kliniki," alisema. "Natazama taa kama imezimwa."

"Nimechoka, Baba Mandu. Sikudanganyi. Sina nguvu za maua na safari za kisiwani na kuvaa fulana zinazofanana kama wachumba."

"Sina mambo hayo mimi. Mke wangu aliondoka kwa sababu ya hilo. Alisema kuishi na mimi ni kuishi na fenicha." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu asiyejitetea. "Lakini nikikaa, nakaa."

"Basi kaa. Nakwenda kuomba watu radhi na Mama yangu. Nishikie Gamja."

Sijawahi kumwachia mtu Gamja. Hata fundi wa bomba akija nambeba. Sangwook aliitenga kamba ya Gamja na ya Mandu, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kitu na mkubwa wake.

"Tutakuwa hapa hapa."

"Nitachelewa."

"Tutakuwa hapa."

Mama Choco alinipungia mkono, macho yamemjaa maji, hana aibu. "Nenda mwanangu, nenda. Mimi nipo, namlinda huyu asitoroke."

Mama alikuwa ameshatangulia. Nilimfikia kwenye njia ya majani makavu. Nyuma yangu Gamja aliamka akaanza kulia, ile sauti nyembamba ya usiku wake wa kwanza kwangu, nikageuka nikaona Sangwook amechuchumaa chini kabisa, amemkumbatia kifuani, Mandu naye amewaegemea.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kuinamisha kichwa. Cha kwangu. Wewe utakaa tu."

"Hujavaa hata."

"Aibu ni ile ile, Mama, hata nikivaa."

Tukatembea. Alinuna, akapumua kwa nguvu, akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Sijakubali," akasema.

"Najua."

"Mtu humjui. Hujui mama yake ni wa wapi, hujui kama ana madeni, hujui ndugu zake. Jina lake umelisikia leo, na aliyeuliza ni mimi."

"Nitamuuliza yote."

"Uliza. Usiwe kama hao wenzako. Na watu watasema."

"Watasema."

Tulifika kwenye ngazi za kupandia barabarani. Ni ngazi ndefu, za zege, hazina pa kushika upande wa kushoto. Mama akasimama chini, akazitazama hadi juu. Nilijua kuna neno linakuja, nikalingoja nikiwa nimejikaza.

"Nipe mkono," akasema. "Goti hili halinibebi leo."

Nikampa. Alinishika kwa nguvu kuliko goti lilivyohitaji, wala hakuniachia tulipofika juu.